Hivi kidonda, wound na Wunde ni neno moja kweli? Wajuzi wa lugha njooni

Nesi wa Ujiji

Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi huku Kigoma, mambo ya isimu sijasomea ila kazi yangu yote ni vidonda na maumivu kwahiyo maneno yake nayasikia kutwa. Kwenye chumba cha kusafishia vidonda anapita kila mtu, Muha, Mbembe, Mrundi, Msukuma wa biashara ya dagaa, Mkongo wa ng'ambo, na nimeona mtu hata awe anakijua Kiswahili namna gani ukigusa pale penyewe inatoka lugha ya kwao kwanza. Wiki hii nilikuwa namfungua baba mmoja bandeji iliyogandia mguuni, kidonda cha pikipiki juu ya kifundo, ile gozi ya bandeji imeshikana na nyama inabidi uloweshe unangoja unavuta kidogo unalowesha tena, akawa anasema "mpota, mpota" huku kakaza mkono kwenye chuma cha kitanda. Kumbe kakulia Kinshasa, mpota ndo kidonda kwa Kilingala. Nikabaki najiuliza, sisi wote si Wabantu, mbona yeye aseme mpota mimi niseme kidonda, halafu Mzulu kule chini kabisa anasema isilonda ambayo ni kama yetu?

Sasa jana kwenye grupu moja la WhatsApp ikaletwa picha ya mti, shinani pameandikwa ONDA, matawini kidonda, wound, Wunde, na maelezo kwamba neno la jeraha ni moja dunia nzima tangu binadamu wa kwanza alipoanza kusema hapa Afrika. Watu wameshea balaa. Mimi imenivutia ila sijui niiamini vipi.

Naomba mnisaidie. Je kidonda na wound ni neno moja? Wataalamu wanajuaje neno limetoka wapi wakati miaka elfu nne iliyopita huku hakuna aliyekuwa anaandika? Na kwanini mbwa anauma na kichwa nacho kinauma? Na jeraha na kidonda tofauti yake nini hasa, maana kwenye faili tunaandika vyovyote tu. Dada yenu.

Asili Moja

Dada nesi mimi hiyo picha naikubali na nitakwambia sababu. Binadamu wote tumetoka Afrika, hilo halina ubishi siku hizi, na kama tumetoka sehemu moja basi tulikuwa na lugha moja, na maneno ambayo hayawezi kupotea ni yale ya mwili, damu, kidonda, kufa, maumivu. Mtu anaweza kusahau neno la jembe akihamia kusiko na kilimo ila hawezi kusahau neno la kidonda maana vidonda anavyo kila siku. Tena wapo wasomi wakubwa wamelifanyia kazi, Merritt Ruhlen na John Bengtson wa Marekani mwaka 1994 walitoa orodha ya mizizi 27 wanayosema ipo kwenye lugha za dunia nzima. Kwahiyo sio habari za WhatsApp tu. Sikiliza mwenyewe, donda, wund. Sauti ni ile ile.

Mwalimu wa Zamu

Dada nesi nitaandika kirefu, mtu akichoka aruke, hili jambo nalipenda na naona mitandaoni linachezewa sana.

Ndugu Asili Moja umesema vizuri kwamba wote tumetoka Afrika, hapo hatugombani. Shida inaanzia kwenye "sikiliza mwenyewe". Maneno mawili kufanana masikioni hakuthibitishi undugu wowote. Kinachothibitisha ni mpangilio wa sauti unaojirudia, yaani ukidai sauti fulani ya lugha hii inakuwa sauti fulani ya lugha ile, basi utuonyeshe inafanya hivyo kwenye neno la kidonda, na la mdomo, na la kuuma na mengine, sio kwenye neno moja ulilolipenda. Njia hii ndo iliyotumika kujenga familia ya lugha za Ulaya na India baada ya hotuba ya William Jones kule Calcutta 1786, na ndo Carl Meinhof aliitumia kwa lugha za Kibantu 1899, na Malcolm Guthrie akaja kutoa mavolyumu yake manne 1967 hadi 1971, na mpaka leo lile jumba la makumbusho la Tervuren Ubelgiji wana hifadhi ya mizizi ya Kibantu ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua.

Tuichukue kidonda yenyewe tuivue nguo. Ki- ni ngeli, weka pembeni, inabaki donda, na hata sisi tunaitumia peke yake, donda ndugu, dondakoo. Sasa nenda kwa majirani: Kichewa chilonda, Kivenda tshilonda, Kizulu isilonda kama ulivyosema, Kishona ronda. Kwetu d, kwa Mchewa na Mzulu l, kwa Mshona r. Inawezekana ni bahati? Basi chukua mdomo. Kichewa mlomo, Kizulu umlomo, Kishona muromo. Ni d, l, r ile ile imerudi kwenye neno ambalo halihusiani kabisa na vidonda. Hapo sasa mtu unaweza kusema hawa ni ndugu, na ukarudi nyuma mpaka kwenye Kibantu cha kale, kile kilichosemwa miaka kama elfu nne hadi tano iliyopita upande wa mpaka wa Nigeria na Kameruni. Mzizi ukishajengwa hivi unaandikwa na kinyota mbele, kile kinyota maana yake hakuna aliyewahi kuliona neno hili limeandikwa, limepatikana kwa kulinganisha watoto wake. Na hapo ndo jibu la swali lako la tunajuaje bila maandishi.

Sasa wound. Kiingereza cha kale wund, Kijerumani Wunde. Ile d mnayoifurahia haimo kwenye mzizi kabisa. Mzizi ni wen- wenye maana ya kupiga, na d ni mabaki ya kiambishi cha nyuma -to- kinachotaja kitu kilichotendwa, kama sisi tunavyoongeza -wa kwenye pigwa. Ilikuwa t, ikageuka d kwenye tawi la Kijerumani, na ushahidi upo kwenye neno la mia, Kilatini wanasema centum na Kiingereza hundred, nt ya huku ni nd ya kule. Kwahiyo ukivirudisha vyote nyuma unakuta upande mmoja una wun na t, upande wa pili una londa, au donda kwa wanaopenda kuandika d, na sauti yenyewe watoto wake wengi wanaitamka l au r. Nini kimebaki cha kufananisha? N moja. Mchoraji wa ule mti amekata ki- upande mmoja, amechukua d ya kiambishi upande wa pili akaiona kama sehemu ya shina, akaweka ONDA katikati. Hiyo ONDA haipo popote.

Na kuhusu ile orodha ya 27, ni kweli ipo, ila wanaisimu walio wengi hawakuikubali kwa sababu hii hii, walikusanya maneno yanayofanana sura na maana kwa kulegeza bila kuonyesha sauti zinazojirudia. Lugha ina maelfu ya maneno na sauti chache tu za kuyatengenezea, lazima yagongane. Kule Australia kuna lugha inaitwa Mbabaram, mbwa wanamwita dog. Dog kabisa. Na haina uhusiano wowote na Kiingereza, mtaalamu R. M. W. Dixon alilikuta neno hilo likiwa na historia yake yenyewe ndani ya lugha za jirani zake. Mgiriki jicho analiita mati na Mmalay analiita mata, nayo ni bahati. Kiajemi mbaya ni bad, Kiingereza bad. Bahati tena.

Mpota sasa. Kilingala mpota, Kikongo mputa, huo ni mzizi mwingine. Lugha ndugu hazilazimiki kubaki na neno lile lile, moja inalitunza moja inalitupa inachukua jingine. Kwahiyo umbali wa ramani usikusumbue, Mzulu na sisi tumetunza, Mlingala hakutunza.

Wa Nyeri

Mwalimu heshima kwako. Hata sisi kwa Kikuyu kidonda ni kĩronda na mdomo ni mũromo, so hio r yako iko sawa na ya Mshona, sikuwa nimewahi kuiona hivyo. Lakini kuna kitu inanisumbua. Kuuma kwetu ni kũrũma, ya mbwa. Kizulu nasikia ni luma. Kama sheria ni d kwenu na r kwetu basi mngesema kuduma ama kuluma. Mbona Kiswahili ni uma tu, hakuna kitu mbele? Si hapo sheria imevunjika?

Mwalimu wa Zamu

Swali la maana sana hilo, na ndo kipimo chenyewe, njia hii ikishindwa kujibu hapo haifai. Haijavunjika. Kiswahili kina tabia ya kudondosha l iliyokaa katikati ya irabu. Mchewa anasema mvula sisi mvua. Anasema njala sisi njaa. Mzulu anasema lila sisi lia. Mganda anaota kwa kuloota, okuloota, sisi kuota. Kwahiyo uma ni luma iliyodondosha l na wenzake wapo, sio yatima. Na ukiiwekea n mbele haidondoki, inakuwa d, ulimi wingi wake ndimi. Kila tabia ina mazingira yake, na maneno mengine yana historia yake ndani ya ngeli, mfano mdomo na kidonda d imeingia ikakaa, na lala imebaki na l zake zote mbili. Sio kwamba kila kitu kimenyooka, ila vikundi vinaonekana.

Na hapa nimjibu dada nesi la kichwa kuuma. Mganda akiumwa kichwa anasema omutwe gunnuma, kichwa kinaniuma, kwa kitenzi kile kile cha mbwa, okuluma. Na maumivu anayaita obulumi. Angalia, sisi maumivu tumeitoa kwenye uma, wao obulumi wameitoa kwenye luma, viambishi tofauti lakini wazo moja. Kwahiyo wazo la kwamba maumivu ni kung'atwa sio la Pwani wala sio la jana. Na neno kung'ata au kuuma ni gumu sana kubadilishwa, lipo kwenye orodha ya Swadesh ya maneno ya msingi, lipo pia kwenye ile ya Leipzig na Jakarta ya 2009 iliyopatikana baada ya kupima lugha 41 kuona maneno gani hayaazimwi kirahisi, Kiswahili kikiwa mojawapo na sehemu yake ikaandikwa na Thilo Schadeberg. Maneno mia kwenye orodha hiyo. Kuuma lipo, chungu lipo, kulia lipo. Kidonda halipo, na maumivu halipo. Kwahiyo ndugu Asili Moja ile hoja kwamba neno la kidonda halipotei kwa sababu vidonda tunavyo kila siku, orodha haiiungi mkono, maneno ya vidonda nayo huazimwa, na ushahidi ni sisi wenyewe na hilo jeraha letu. Hapo yupo mwenye Kiarabu humu atusaidie.

Bi Mwembetanga

Assalamu alaykum. Nimeitwa nimekuja.

Jeraha ni Kiarabu, mzizi j-r-h, ile h ya kooni. Jurh ni jeraha, majruh ni aliyejeruhiwa ndo majeruhi wetu, na jarrah ni mpasuaji, daktari wa kupasua. Neno hili limetembea sana. Waturuki wakalichukua wakasema cerrah, kule Istanbul kuna mtaa maarufu wa Cerrahpaşa umepewa jina la waziri mkuu wa zama za Ottoman aliyekuwa akiitwa Cerrah Mehmed Pasha, na leo hapo pana kitivo cha udaktari. Wahindi na Wapakistani nao kwa Kiurdu wana jarrah. Sasa mtu asiyejua akiweka jeraha, cerrah na jarrah kwenye mti mmoja atasema Mswahili, Mturuki na Mhindi ni baba mmoja, kumbe lugha tatu za familia tatu zimeazima duka moja. Ndo mana mwalimu hasemi kufanana tu, kwanza uwatoe walioazimwa.

Na kwa wenye kusoma dini mnajua ipo elimu ya al-jarh wa-t-taadil, ya kuwachambua wapokezi wa hadithi, nani mkweli nani si wa kutegemewa. Jarh pale ni kumjeruhi mtu kwa maneno, kumtoa kasoro. Na hili lina mwenziwe. Kiarabu cha zamani jeraha lilikuwa na jina jengine, kalm, wingi wake kulum, na herufi zake k-l-m ndo zile zile za kalam, maneno. Mabingwa wawili wa lugha wa zama moja walitafautiana hapa. Ibn Jinni, aliyefariki 1002, alikuwa akizipindua k, l na m kila upande na kusema zote zina maana ya nguvu na ukali, jeraha na maneno vyote mna. Ibn Faris, aliyefariki karibu na wakati huo huo, 1004, yeye akasema la, k-l-m ni asili mbili mbali mbali, moja ya kusema na moja ya majeraha. Miaka elfu iliyopita watu walikuwa wakibishana mambo haya haya mnayobishana hapa, mimi hili linanifurahisha sana, na nnavyoona mie Ibn Faris alikuwa na tahadhari zaidi.

Kwa swali la nesi, sisi hapa Unguja jeraha ni lile la kupigwa, kukatwa, kuchomwa kitu, bado bichi. Kidonda ni kile kilichokaa, kina majimaji au usaha, tena kinaweza kuja wenyewe bila ya kuumia. Jeraha likipuuzwa huwa kidonda. Kwahiyo kwenye faili lako ajali ya leo andika jeraha na mguu wa sukari andika kidonda.

Sasa niwape moja la kwetu linaloonyesha kanuni ya mwalimu kwenye familia ya Kisemiti. Tuna maradhi na tuna ardhi. Zote mbili kwa Kiarabu zina ile herufi ya dhad, maradh, ardh. Nendeni kwenye Kiakadi cha Iraq ya kale, kile kilichoandikwa kwenye vibao vya udongo: ugonjwa ni mursu, ardhi ni ersetu, s nzito mahala pa dhad zote mbili. Kiebrania ardhi ni eretz. Nendeni Kiaramu: ardhi ni ar'a, na kuugua ni mra', pale pamekaa ain. Dhad huku, sadi kule, ain kule kwengine, na inajirudia. Kwahiyo nikisema maradhi ya Mswahili wa leo na mursu ya Mbabeli ni neno moja siotei, lipo na maandishi yake yapo.

Mbongo Ujerumani

Bi mkubwa umenifungua macho hapo kwenye ardhi na maradhi. Niongeze ya huku kidogo.

Huku Kijerumani "sana" ni sehr, neno la kwanza kufundishwa ukifika, sehr gut, sehr schön. Asili yake ni maumivu. Zamani sero ilikuwa "kwa uchungu", ni ndugu wa sore ya Kiingereza, na bado imebaki kwenye unversehrt yaani bila kudhurika. Ni kama sisi tunavyosema nampenda kufa, neno la mateso linageuka kuwa la kukazia. Na Wafini, ambao lugha yao ni familia nyingine kabisa, mgonjwa wanamwita sairas, waliliazima kwa Wajerumani wa kale kabla sauti hazijabadilika, kwahiyo kopi iliyotunza sura ya zamani ipo Finland kuliko Ujerumani kwenyewe. Hii nilipoisoma niliishika mpaka leo.

Na pain ya Kiingereza, ile sasa ndo niliyotaka kuisema. Wameipata kwa Wafaransa, peine, nao kwa Kilatini poena, na Kilatini nacho kimeazima kwa Wagiriki, poine. Na poine kwa Wagiriki haikuwa kuumwa hata kidogo, ilikuwa ni dia, malipo ya damu, umeua ndugu yangu unalipa. Mzizi wake ni kulipa. Ndugu zake waliobaki ni tsena ya Kirusi na kaina ya Kilithuania, zote mbili maana yake bei tu, ya sokoni, na kwa Waajemi kin ni kisasi. Kutoka dia ikawa adhabu, kutoka adhabu ikawa mateso, kutoka mateso ikawa pain ya jino. Kwahiyo Mbantu alipoumwa aliona anang'atwa, huku Ulaya neno lao limepitia kwenye kulipishwa.

La mwisho la nesi, ulcer mnayoita alsa. Kilatini ulcus, Kigiriki helkos, wote kidonda, na Kisanskrit arshas ambayo ni bawasiri. Hao ni ndugu wa damu kweli, sio wa kuazimana. Na Kiswahili tulivyosema vidonda vya tumbo tumelifasiri vizuri kabisa, maana ulcus ni kidonda tu, sio lazima kiwe cha tumbo. Na trauma ambayo siku hizi kila mtu anaisema kwa mambo ya akili, Kigiriki ni jeraha la kawaida, la mwilini, mzizi wake ni kusugua mpaka kutoboa.

Asili Moja

Nimesoma yote kwa utulivu, nawashukuru. Sijasema nimeuacha msimamo wa asili moja maana hata mwalimu hajasema haikuwepo, kasema njia yake haifiki huko.

Ila nataka niwapime. Nilifanya kazi Durban, wale wenzangu Wazulu wakiumia wanasema ubuhlungu, ile hl ya kupuliza pembeni ya ulimi. Sisi tunasema uchungu. Kwa sikio langu ch na hl wala hazikaribiani. Sasa kwa hiyo njia yenu, hawa ni ndugu au siyo? Maana kama mnakataa donda na wund zilizofanana, na hizi zisizofanana mtazikataa pia, basi mnakataa kila kitu.

Mwalimu wa Zamu

Umeleta mfano mzuri kuliko wangu wote. Hao ni ndugu.

Twende taratibu. Swahili cheka, Zulu hleka. Swahili chatu yule nyoka, Zulu inhlwathi. Mchewa hao hao anasema seka na nsato. Kwahiyo ch yetu, hl ya Mzulu na s ya Mchewa zinatembea pamoja. Uchungu na ubuhlungu zinaingia humo bila kusukumwa, u- yetu ni ubu- yao, ngeli ile ile ya mambo yasiyoshikika, chungu ni hlungu. Na maana yake inatusaidia zaidi, kwa Kizulu isihlungu ni sumu, kama ile ya nyoka. Sisi chungu ni ladha, ya mwarobaini, na uchungu ni maumivu, ya kuzaa na ya moyo. Ladha kali, sumu, maumivu, ni jirani hao. Hata Mchewa ambaye hapo anatumia mzizi mwingine, kuwawa, kwake ni kuwa chungu na ni kuuma pia.

Ndo maana nasema sikio peke yake halitoshi. Kwenye kidonda na wound lilikupeleka pasipo na njia, kwenye uchungu na ubuhlungu lilikuwa linakuzuia usiione. Na kuhusu asili moja, sawa, inawezekana ilikuwepo. Kibantu cha kale kina miaka elfu nne tano, mama wa lugha za Ulaya na India kama elfu sita, ukizidi kwenda nyuma sauti zimeshabadilika mara nyingi mno mpaka huwezi kutenganisha ndugu na bahati. Binadamu ameanza kusema zamani mno kuliko hapo. Mtu anayekuonyesha neno la huko na tahajia yake kabisa, ONDA, muulize aliipata kwa sauti gani zinazojirudia.

Nesi wa Ujiji

Asanteni sana sana, nimekopi maelezo yote. Bi Mwembetanga hiyo ya jeraha bichi na kidonda cha kukaa nimeshawaambia wenzangu wa zamu, leo faili la mguu wa sukari limeandikwa kidonda.

Mwalimu nina jambo moja limebaki. Bibi yangu alikuwa anapenda kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele nilikuwa najua ni ugonjwa ila sijawahi kusikia mgonjwa yeyote akiitumia. Ila Warundi wanaokuja hapa wanasema indwara, nina indwara. Nimeanza kuona vitu kila mahali baada ya kusoma hapa, niambieni kama nako naona bahati tu.

Mwalimu wa Zamu

Hapo huoni bahati. Kirundi na Kinyarwanda kurwara ni kuugua, ukiweka n mbele inakuwa indwara. Kiganda okulwala kuugua, endwadde magonjwa. Kishona kurwara, na mgonjwa ni murwere. Kibemba mgonjwa umulwele. Sasa chukua hiyo lwele ya Mbemba, weka n mbele, kumbuka ulimi na ndimi, l inakuwa d. Ndwele. Kiswahili cha kila siku kimeshaiacha, tumeingiza ugonjwa na maradhi, ila methali imeitunza, na huko Lamu na kwenye mashairi ya zamani utakuta mwele kwa maana ya mgonjwa, l yake imedondoka kama ya njaa na mvua.

Na tugange nayo ni ya kale vile vile, ganga ya mganga, Kikongo na Kilingala nganga, Kishona n'anga, Kichewa sing'anga. Bibi yako alikuwa anasema sentensi ambayo maneno yake mawili makubwa Mshona angeyatambua.

Sasa dada na mimi nina ombi. Wewe umekaa mahali ambapo sisi tunasoma tu kwenye vitabu. Kibembe kidonda wanaitaje? Na Muha akiumwa jino anatumia kitenzi kile cha mbwa au kingine? Ukipata nafasi, sio wakati unavuta gozi, waulize uandike hapa na sauti zake kama ulivyozisikia, na mwenye Kifipa au Kimanyema humu naye alete.